Dibuki si shetani: kuandika filamu ya kutisha kutokana na mapokeo ya Kiyahudi

Skripti nyingi za aina hii huharibika mapema: mwandishi huchukua hadithi ya padri anayepunga pepo, akamvika padri kofia ndogo ya Kiyahudi, msalaba ukawa nyota, basi. Hofu ya Kiyahudi hutokana na sheria: kimeandikwa nini, nani anaruhusiwa, saa ngapi. Ijue sheria kwanza, ndipo uamue nani ataivunja.

Chagua kiumbe kimoja tu. Dibuki ni roho ya binadamu aliyekufa na dhambi zake, ikang'ang'ania mwili wa aliye hai. Jina lenyewe limetoka kwenye kitenzi cha Kiebrania cha kushikamana. Kwa hiyo kumpunga huanza kwa mahojiano: wewe nani, ulitenda kosa gani, unataka nini? Weka wanaume kumi waliotimiza miaka 13 (ndiyo akidi ya sala), Zaburi ya 91, na pembe ya kondoo dume ya kupuliza. Hutolewa kupitia kidole kidogo cha mguu, maana akipitia kooni anaweza kumuua mwenye mwili. Sogeza kamera hadi kwenye kidole hicho na tone moja la damu. Kitatisha kuliko ndoo ya matapishi. Sanduku la dibuki, lile linalodaiwa kufungiwa roho ndani yake, achana nalo: lilizaliwa kwenye tangazo la mnada wa mtandaoni mwaka 2003.

Golemu ni mtu wa udongo aliyepewa uhai, na hasemi. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, mwanazuoni Rava aliumba mtu akamtuma kwa Rabi Zeira. Zeira akamsemesha, hakujibiwa, akamwamuru arudi mavumbini. Usimwandikie hata neno moja. Ukimchora kwenye paji la uso herufi zinazompa uhai, kumbuka Kiebrania husomwa kutoka kulia: alefu, herufi ya kwanza ya neno emet, "kweli", iko kulia kwa mtazamaji, yaani juu ya jicho la kushoto la golemu. Ikifutwa hubaki met, "amekufa", naye anaporomoka. Mwigizaji akifuta herufi ya upande wa pili, kitakachobaki kinakaribia neno "mama", na ukumbi utacheka. Baadhi ya programu za uhariri hupindua mpangilio wa herufi unapozibandika, kwa hiyo mpe msomaji wa Kiebrania azikague kabla hujapiga picha.

Kama bajeti ni ndogo, andika mkesha: chumba kimoja, mwigizaji mmoja, maiti moja. Maiti ya Kiyahudi haiachwi peke yake hadi izikwe. Mlinzi husoma Zaburi, hali wala hanywi humo chumbani, na vioo hufunikwa. Mazishi hufanywa upesi, ila si siku ya Sabato. Marehemu akifariki Ijumaa alasiri atangoja hadi Jumapili, nawe umepata usiku mbili.

Sabato inakusaidia zaidi ya hapo. Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi nyota zinapoonekana Jumamosi, mshika dini hawashi moto wala hagusi swichi. Mshumaa ukizimika, umezimika. Ila hapa ndipo skripti hutoboka: kuokoa uhai hutangulia Sabato, kwa hiyo mtu anayefia mlangoni huku mwenzake akikataa kushika simu ni kituko. Unaweza kuimaliza simu chaji mapema. Afadhali zaidi, mlinzi asiwe na hakika kama hatari ipo kweli.

Ya kumpa hakika hiyo, Talmudi ina kipimo: anayetaka kuwatambua mapepo apepete jivu kuzunguka kitanda, asubuhi ataona nyayo kama za jogoo. Mlinzi wako alipepete kuzunguka kiti chake Ijumaa, kabla jua halijazama. Tumia jivu lililochekechwa mara mbili, kwa sababu lenye chenga halishiki alama, na umulike kutoka ubavuni, taa ikiwa karibu na sakafu. Taa ya juu hufuta vivuli na nyayo zikapotea. Nyayo zielekee kwenye kiti. Za kurudi zisiwepo.