Jinsi ya Kutumia Sheria Kulinda Eneo la Urithi: Mwongozo kwa Wakazi wa Pwani ya Kenya

Wakazi wengi wa Pwani hugundua kwamba gofu, kaburi la kale au kaya yao (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) imo hatarini siku tingatinga linaposhushwa kutoka kwenye lori. Siku hiyo sheria ingali ipo, lakini siku nyingi ambazo sheria ilikuwa imewapa zimekwisha kupita pasipo mtu kuzihesabu. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimesisitiza sana tarehe na karatasi, kwa kuwa katika kesi za urithi nilizozifuatilia, hizo ndizo zilizookoa eneo au kulipoteza.

Fahamuni kwanza eneo lenu lina hadhi gani

Sheria ya msingi ni Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Kifungu cha 25 kinampa Waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo, gofu, kaburi, pango au msitu mtakatifu ni turathi inayolindwa, na baada ya tangazo hilo hakuna mtu anayeruhusiwa kubomoa, kuchimba, kujenga au kubadilisha chochote hapo bila kibali, hata kama ana hatimiliki ya shamba. Matangazo yaliyotolewa chini ya sheria zilizotangulia hayakufa sheria zile zilipobadilishwa. Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kwa mfano, ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria tangu mwaka 1927, karibu karne nzima kabla ya kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Kuwemo katika orodha ya UNESCO, kama ilivyo Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, Kaya za Wamijikenda tangu 2008 na Ngome ya Yesu tangu 2011, kuna uzito mkubwa, lakini afisa wa polisi anayeitwa asubuhi kumzuia mkandarasi atauliza habari ya tangazo la Gazeti Rasmi. Kwa hiyo tafuteni mambo matatu: namba ya tangazo, tarehe yake, na ramani ya mipaka iliyotajwa ndani yake. Ramani ndiyo inayosahaulika, na mara nyingi ndiyo inayoamua. Mzee wa kaya anaujua mpaka kwa mbuyu, kwa njia ya kuingilia na kwa mahali ambapo viatu huvuliwa, ilhali mahakama inaujua kwa vigingi vya mpima ardhi. Tembeeni mpaka huo pamoja na wazee, mkiwa na simu yenye GPS, mwandike vipimo vya kila pembe, kisha mlinganishe na ramani. Mkiona tofauti, andikieni Makavazi ya Kitaifa, shirika la serikali linalosimamia turathi, mapema, kabla mwenye mradi hajaigeuza tofauti hiyo kuwa utetezi wake.

Ofisi ikisitasita kuwapa nakala, itumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inatekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Nasikitika kwamba sheria hii haitumiki inavyostahili, kwa maana inaruhusu waziwazi ombi liandikwe kwa Kiswahili, haimtaki mwombaji aeleze sababu, na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ofisi ikinyamaza au ikikataa, mna siku 30 za kuomba Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, aupitie uamuzi huo.

Je, kama eneo halijatangazwa kabisa? Bado hamko mikono mitupu. Mtu anayevumbua gofu au kitu cha kale anawajibika kuwaarifu Makavazi ndani ya siku 7, na wajibu huo unamhusu mkandarasi aliyefukua mifupa au vigae sawasawa na mkulima aliyevikuta kwa jembe. Andikeni taarifa hiyo wenyewe, na katika barua hiyo hiyo mwombe eneo litangazwe. Zaidi ya hayo, sheria ya mazingira na Katiba, ambazo nitazieleza hapa chini, hazingojei tangazo la Waziri.

Ushahidi unaokubalika

Chukueni mfano wa kaburi la mnara, yaani kaburi la kale lenye nguzo ndefu ya mawe, kama yale ya Mambrui, Takwa na Mnarani. Picha ya kwanza ipigwe kutoka mbali, ili mnara, mti ulio karibu nao na barabara vionekane pamoja na mtu asiweze kudai kwamba ni kaburi jingine. Picha ya pili iwe ya karibu, ikionyesha ufa uliowekewa rula kando yake. Ya tatu ielekezwe pale bakuli za kauri zilipopachikwa na mafundi wa zamani: bakuli inapong'olewa, huacha duara katika chokaa, na duara la jana ni jeupe na lina kingo kali, wakati lile la miaka mingi limeshafifia na kuota ukungu. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuonyesha kwamba uharibifu umetokea baada ya kazi kuanza. Rudini kila wiki mpige picha zile zile, mkiwa mmesimama pale pale.

Msisugue, msifagie, wala msichimbe ili "kuonyesha vizuri". Kuchimba bila leseni ni kosa hata kwa mtu mwenye nia njema, na wakili wa upande wa pili atafurahi sana kuwaona ninyi ndio mliokivuruga kitu. Vilevile msikimbilie kuziba nyufa kwa saruji. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka, na saruji huufungia unyevu na chumvi ndani hadi jiwe lenyewe likamomonyoka.

Wekeni daftari moja la kuandika tarehe, saa, namba ya gari, kazi iliyofanyika na majina ya walioshuhudia. Simu iliyopiga picha isiuzwe wala isifutwe, kwa sababu chini ya Sheria ya Ushahidi picha za kidijitali huhitaji kuambatana na cheti kinachoeleza zilivyopatikana, na mwenye simu ndiye anayefaa kukitia saini. Niliwahi kuonyeshwa na kijiji kimoja faili nene la picha za uharibifu, kazi ya miaka miwili. Hakuna picha hata moja iliyokuwa na tarehe, na hakuna aliyekumbuka nani alipiga ipi. Ile huzuni ya wazee wale walipoelezwa kwamba picha hizo hazitawasaidia sana sijaisahau.

Ingilieni wakati wa tathmini ya mazingira

Njia yenye nguvu kuliko zote inapita katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Mradi mkubwa hauwezi kuanza bila ripoti ya tathmini ya athari za mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kabla ya leseni kutolewa, umma lazima upewe tangazo na nafasi ya kutoa maoni. Teueni mtu mmoja wa kusoma Gazeti Rasmi kila linapotoka na kuulizia katika ofisi ya NEMA ya kaunti, maana tangazo la gazetini husomwa na wachache sana vijijini.

Ripoti ikipatikana, msianze kwa kuisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nendeni moja kwa moja kwenye sehemu ya utamaduni na historia, muulize: je, eneo letu limetajwa kwa jina? Umbali uliotajwa ni wa kweli? Kuna mtaalamu wa mambo ya kale aliyefika hapa, na alikaa siku ngapi? Mtikisiko wa mashine, vumbi, moshi, maji na njia za malori vimepimwa? Kisha fungueni viambatisho muangalie orodha ya waliohudhuria mikutano. Tazameni majina, sahihi, na hasa tarehe.

Nasema tarehe kwa sababu ya Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, ng'ambo ya mji wa kale. Jumuiya ya Save Lamu pamoja na wakazi kadhaa walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mikutano iliyotajwa kuwa ushirikishwaji wa umma ilifanyika mapema mno: watu walielezwa wazo la mradi, lakini ripoti yenyewe, yenye athari na hatua za kuzipunguza, haikurudishwa kwao waijadili kama sheria inavyotaka. Jopo pia lilikosoa ripoti kwa kutoizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Wakazi hawakulazimika kuthibitisha kwamba moshi ulikuwa umekwisha kuula ukuta hata mmoja wa Lamu. Walionyesha kwamba utaratibu ulivunjwa, na hilo lilitosha. Mtu anayeandaa pingamizi leo angefaa kuyakariri mafunzo haya ya kesi ile.

Maoni yenu yaandikwe, yatiwe saini, yataje kurasa za ripoti mnazozipinga, na yafike kabla ya siku iliyotajwa katika tangazo. Kusimama mkutanoni na kulalamika kwa uchungu ni haki yenu, ila kisichoandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni vigumu kukithibitisha baadaye. Mkimaliza kuzungumza, ombeni muonyeshwe kilichoandikwa.

Leseni ikishatolewa

Hesabuni siku 60. Huo ndio muda wa kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na msitegemee kuongezewa hata siku moja. Pamoja na rufaa, ombeni kwa maandishi amri ya kuacha mambo yalivyo mpaka rufaa isikilizwe, kwani gofu likishabomolewa, ushindi wa miaka mitatu baadaye hauna cha kulinda.

Kwa ujenzi wa kawaida, kama vile hoteli ya ghorofa inayoinuka juu ya mtaa wa kale, kibali hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hapo muda ni mfupi zaidi: anayepinga uamuzi ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti. Wiki mbili humalizika kabla ya kikao cha pili cha mtaa, kwa hiyo mpeni mtu mmoja mamlaka ya kuwasilisha rufaa mara tu kibali kinapojulikana.

Njia ya tatu ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatoa haki ya mazingira safi, pamoja na kuyahifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kifungu cha 44 kinalinda utamaduni. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuzuia madhara bila kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine ameshapata hasara. Wasio na pesa wasikate tamaa upesi, kwani kifungu cha 22 kinasema hakuna ada itakayotozwa kwa kufungua kesi ya kutetea haki hizi, na mahakama inaweza kupokea hata waraka usiofuata taratibu zote. Hata hivyo tafuteni wakili, kwa kuwa maombi ya dharura yaliyoandikwa vibaya huchelewesha zuio ambalo lingepatikana ndani ya siku chache. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 kuhusu bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba haki za wakazi za mazingira, utamaduni na habari zilikuwa zimekiukwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Uharibifu mdogo unaotendeka sasa hivi, kama vile kuchota mchanga, kuvunja mawe au kukata miti ya kaya, ni jinai. Ripotini polisi, mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha mpeleke namba hiyo kwa Makavazi na kwa chifu kwa barua.

Kwa maeneo ya Urithi wa Dunia, andikieni pia Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO. Chombo hicho hakitoi zuio, lakini huiuliza serikali maelezo, na majibu ya serikali huwa ushahidi mzuri, hasa kwa kuwa kifungu cha 2 cha Katiba yetu kinaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Msomaji aliye ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Vanga, afahamu kwamba Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 hata bila tangazo jipya, na Zanzibar ina sheria zake.

Amri ya mahakama ikipatikana, ichukueni nakala iliyoidhinishwa siku hiyo hiyo mumkabidhi mkandarasi, mwenye mradi, mkuu wa kituo cha polisi na chifu, kila mmoja akisaini kwamba ameipokea, maana bila sahihi hizo ni vigumu kumshtaki mtu kwa kuidharau mahakama. Bandikeni nakala penye lango la eneo. Kisha yule anayesoma Gazeti Rasmi aendelee na kazi yake, kwa sababu leseni iliyofutwa inaweza kuombwa upya kwa ripoti mpya, na siku 60 zikaanza kuhesabiwa tena.