Namna ya kuomba leseni ya biashara kwa mfumo wa Tausi ukiwa Mtwara

Mwenye duka la rejareja Mikindani, au anayeuza vipuri vya pikipiki Masasi, siku hizi huomba leseni ya biashara ya halmashauri kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, badala ya kubeba bahasha ya vivuli vya nyaraka hadi kwa afisa biashara. Kabla ya kununua bando, kusanya kwanza namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) yenye tarakimu 20, TIN, yaani namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kodi kutoka mamlaka ya mapato, TRA, na mkataba wa pango la fremu ya duka. Biashara kama duka la dawa huhitaji pia kibali cha mamlaka yake.

Wengi wetu tutaishia stesheneri, kwa sababu si kila simu hufungua tovuti vizuri wala si kila mtu ana skana. Hapo hapana aibu, ila kaa karibu na anayekujazia. Akaunti iandikishwe kwa namba yako ya simu na nywila uichague mwenyewe, maana kijana wa stesheneri akiweka namba yake ili kazi iende haraka, mwakani utakapotaka kuhuisha leseni utalazimika kumtafuta yeye, naye pengine amekwisha kuhamia Dar es Salaam. Soma pia jina la biashara, kata na mtaa kabla hajabonyeza kutuma. Jina lililoandikwa tofauti na la kwenye TIN ni sababu tosha ya maombi kurudishwa.

Maombi yakipokelewa na ankara kutoka, utapata namba ya malipo, ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroo namba. Lipa kwa simu, kwa wakala au benki, kiasi kilichoandikwa na kabla ya muda wake kuisha, kisha tunza ujumbe wa risiti. Mtu yeyote, hata akiwa na kitambulisho shingoni, akikuambia utume ada kwenye namba yake binafsi ili akusaidie kuharakisha, usitume: fedha ya Serikali hulipwa kwa kontroo namba. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya mfumo huu kuliko hata kupungua kwa foleni, kwa kuwa mchuuzi sasa ana ushahidi wake mkononi.

Maombi yakikaa bila jibu, nenda ofisi ya biashara ya halmashauri ukiwa na namba ya ombi, kwani mfumo haujaondoa maofisa.

Leseni ikitoka, ichapishe na uibandike dukani panapoonekana. Hudumu miezi 12 tangu itolewe, hivyo aliyefungua duka Oktoba, minada ya korosho inapoanza, atahuisha msimu uleule ambao wateja wake wana fedha.