Kiraka chako cha kwanza kwenye mradi huria, bila kutuma mistari usiyoigusa

Wiki iliyopita nilikaa na kijana mmoja aliyetaka kutuma kiraka chake cha kwanza, yaani badiliko dogo la msimbo (patch) la kuwapa wenye mradi. Kasoro alikuwa ameshaipata: programu ilikuwa inaruka ukurasa wa mwisho wa orodha kwa sababu mtu aliandika `<` mahali pa `<=`. Alama moja tu. Kuiona kulimchukua dakika kumi, kuituma kukatumalizia jioni nzima. Hii ndiyo njia tuliyopita, pamoja na pale tulipokwama. Nachukulia Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, unayo na kunakili mradi kwenye kompyuta yako unajua.

Hatua ya 1: Chagua kitu kidogo

Kasoro iliyokukera wewe mwenyewe ni bora kuliko ya kuokota, maana utajua bila kuambiwa kama imepona. Hakikisha hakuna mwingine anayeishughulikia. Soma faili la `CONTRIBUTING` lote, hata likiwa refu, kwani humo ndimo wanamoeleza wanapokeaje viraka. Na tafadhali, usianze kwa kusahihisha tahajia kwenye mafaili 40 kwa mkupuo. Kuna mtu atalazimika kuyasoma yote 40.

Hatua ya 2: Endesha majaribio kabla hujagusa chochote

Ukikuta matatu yanafeli tangu mwanzo, yaandike pembeni. Usipofanya hivyo utayakimbiza usiku kucha ukidhani umeyaharibu wewe.

Hatua ya 3: Fungua tawi (branch), mahali pa kufanyia kazi yako bila kugusa msimbo mkuu

`git switch -c ukurasa-wa-mwisho`

Miongozo mingi bado inafundisha `git checkout -b`. Matokeo ni yale yale, ila `checkout` hiyo hiyo pia hufuta mabadiliko kwenye mafaili ukiteleza kidogo, na `switch` tunayo tangu 2019.

Hatua ya 4: Tazama unachotuma

Fanya rekebisho lako, hifadhi, na kabla ya `git add` andika:

`git diff --stat`

Yetu ilijibu kwamba faili moja limebadilika, mistari 412 imeongezwa na mistari 412 imefutwa. Faili lenyewe lilikuwa na mistari 412. Kijana akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kibodi.

Mkosaji wa kwanza ni mwisho wa mstari. Windows hufunga mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na macOS hutumia LF peke yake. Kihariri chake kilikuwa kimewekwa kuhifadhi kwa mtindo wa Windows, kikapachika CR kila mahali. Kwa macho faili ni lile lile, lakini Git inaona kila mstari ni mpya. Ukikuta `^M` mwishoni mwa mistari kwenye `git diff`, umempata.

Tukarudisha mpangilio wa kihariri kuwa LF, tukahifadhi, tukapima tena: mistari 57. Afadhali, lakini 57 si mmoja. Kumbe kihariri kilikuwa pia kinapanga upya msimbo kila ukihifadhi. Kinageuza tabo kuwa nafasi nne, kinakata nafasi zilizosahauliwa mwishoni mwa mistari. Kinajiona kinafanya usafi, na hakuna aliyekituma. Kwenye `Makefile` usafi huo ni balaa kabisa: amri lazima ianze kwa tabo, ukiweka nafasi `make` inagoma na kukutupia `missing separator`.

Hapa ndipo watu hugundua `git diff -w`, inayoficha tofauti za nafasi. Skrini ikaonyesha mstari mmoja tu, kijana akapiga makofi. Nami nilipiga makofi hivyo hivyo zamani, nikatuma, nikajibiwa na msimamizi kwa sentensi moja: tenganisha usafi na rekebisho. `-w` inabadilisha unachokiona wewe, kinachotumwa kinabaki vilevile. Na msimamizi ana haki ya kukaza. Miaka miwili baadaye mtu ataendesha `git blame` kujua mstari fulani uliingiaje, akute jina lako kwenye mistari 412 ambayo hata hujui inafanya kazi gani.

Tulichofanya: tulizima upangaji wa kihariri kwa mradi huo peke yake. Mradi ukiwa na faili la `.editorconfig`, linaloeleza kihariri kipange msimbo vipi, hakikisha kihariri chako kinalifuata. Kisha tukatupa kila kitu kwa `git restore` na jina la faili, tukaandika ile alama upya kwa mkono. Ndiyo, ipo njia ya kuchuja mabadiliko kwa `git apply --ignore-whitespace`, lakini mistari michache utamaliza kuiandika upya kabla hujaielewa njia hiyo. Utashauriwa pia kuweka `core.autocrlf`, mpangilio unaoifanya Git igeuze miisho ya mistari yenyewe. Tazama kwanza `.gitattributes`, faili la mradi la kanuni kama hizo, kwa sababu mingine huacha mafaili ya `.bat` yakiwa na CRLF makusudi.

Halafu `git diff --check`, inayolalamika ikikuta nafasi zilizosahauliwa mwishoni mwa mistari. Ikikaa kimya, endelea na `git add -p`, inayokuonyesha kipande kimoja kimoja ili ukubali au ukatae. Mimi huitumia hata kwa mstari mmoja. Faili zima likishageuka haikusaidii, basi usianzie hapo.

Hatua ya 5: Andika ujumbe

`git commit -s`, bila `-m`. Nina ugomvi wa muda mrefu na `-m`, inayokufanya uandike ujumbe papo hapo kwenye amri: inakubana useme neno moja ukimbie. Kichwa kiwe na herufi zisizozidi 50 hivi, acha mstari mtupu, kisha maelezo yanayokunjwa kwenye herufi ya 72. Eleza kwa nini. Kilichobadilika tayari kinaonekana kwenye kiraka. Kijana aliandika kwamba orodha ilikuwa inakosa ukurasa wa mwisho pale idadi ya vitu inapogawanyika sawasawa, na hiyo ilitosha.

Ile `-s` huongeza mstari wa `Signed-off-by`, tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Linux inaudai tangu 2004. Miradi mingine haiuhitaji. Angalia `user.name` na `user.email` kabla, la sivyo utasaini kwa jina la kompyuta.

Hatua ya 6: Tuma

Kama mradi unapokea maombi ya kuunganisha (pull request), sukuma tawi kwenye nakala yako ya mradi mtandaoni na ufungue ombi. Kama unapokea barua pepe, kama Linux au Git yenyewe, tumia `git format-patch -1`, inayogeuza badiliko lako kuwa faili la barua, kisha `git send-email`. Usibandike kiraka kwenye dirisha la barua pepe: litakunja mistari na kula tabo, urudi hatua ya 4. Jitumie mwenyewe kwanza, ukijaribu kukiingiza kwa `git am` kwenye nakala safi.

Hatua ya 7: Subiri, kisha rekebisha

Linux wanashauri usikumbushe kabla ya wiki moja kupita, nami hufuata hivyo kila mahali. Ukiombwa mabadiliko, tumia `git commit --amend` kurekebisha badiliko lile lile, na `git push --force-with-lease` kulisukuma mahali pa lile la zamani. Kwa barua pepe ni `git format-patch -v2 -1`, na unataja ulichobadilisha chini ya vile vistari vitatu `---`. Maneno yanayokaa hapo hayaingii kwenye historia ya mradi.

Kijana alijibiwa siku ya nne. Walitaka jaribio linalothibitisha kwamba ukurasa wa mwisho unaonekana. Aliliandika peke yake, mistari 11, akanitumia picha ya skrini kabla ya kusukuma: mafaili mawili, mistari 12 imeongezwa, mmoja umefutwa.