Chatu anayetaka kugonga: namna ya kumtuliza

Somo hili ni la chatu mdogo anayefugwa kwa kibali. Kama huna kibali cha wanyamapori, usimtoe nyoka porini.

Chatu akijikunja na kufoka, hana hasira, anaogopa. Shika hilo kabla ya yote.

Kwanza mtazame macho. Yakiwa na ukungu wa bluu, yuko karibu kuvua gamba na haoni vizuri, mwache. Akishakula pia mpe siku mbili, la sivyo atatapika.

Pili, joto. Asubuhi za Julai hapa Arusha unazijua. Chatu aliyepoa hawezi kukimbia, kwa hiyo anagonga. Upande mmoja wa boksi lake ufike nyuzi 30 hadi 32.

Tatu, nawa kwa sabuni. Mkono unaonuka panya, kwake ni panya.

Nne, hapa ndipo wengi wanapokosea. Usishushe mkono kutoka juu, maana hivyo ndivyo kipanga anavyomjia. Mguse mgongoni kwa fimbo, taratibu, ajue si wakati wa kula. Kisha pitisha mkono ubavuni, mnyanyue katikati ya mwili, uzito wote uubebe wewe. Kichwa usikishike. Wangu wiki ya kwanza alivuta pumzi mpaka nikahisi mbavu zikitanuka kiganjani. Nilisimama kimya. Baadaye ulimi ukaanza kutoka, polepole, ukinusa kidole changu, na mwili ukalegea. Dakika tano zinatosha. Mrudishe akiwa ametulia. Ukimrudisha anapofoka, atajua kufoka kunafukuza watu.

MASWALI

*Mwalimu, akigonga aking'ang'ania je?*
Usivute. Meno yake yamepinda kwenda nyuma, utachanika na yeye yatamvunjikia. Mmwagie maji baridi kichwani, ataachia. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi.

*Mimi niko Moshi. Mwanangu kaona chatu mchanga mgombani, tumfuge?*
Hapana dada yangu, msimguse. Kifutu mchanga watu humdhania chatu, na sumu anayo tangu siku anayozaliwa. Waondoe watoto, umwite ofisa wanyamapori. Akimgonga mtu, msichanje wala msifunge kamba. Mtulizeni, mguu au mkono usitikisike, mumkimbize hospitali ya KCMC.

*Tofauti yao nitaiona wapi?*
Meserani, kama kilomita 25 kutoka Arusha mjini, kwenye bustani ya nyoka. Watazame vichwa, wakiwa nyuma ya kioo.