Somo: Kupitisha programu ya Linux kwenye proksi kwa proxychains4

Wakuu, hili la "proxychains imegoma" limejibiwa hapa mpaka limechosha. Naliweka lote pamoja. Proxychains ni programu inayolazimisha programu nyingine kupita kwenye proksi, yaani seva ya kati. Atakayeuliza tena atarudishwa hapa.

Somo ni la Debian na Ubuntu. Una seva yako nje unayoingia kwa ssh (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali), na unataka programu isiyo na sehemu ya kuweka proksi itokee huko.

1. Sakinisha: `sudo apt install proxychains4`

2. Fungua proksi: `ssh -N -D 1080 jina@seva`. Terminali itakaa kimya, ndivyo inavyotakiwa. Iache, fungua nyingine.

3. Usiguse faili la mfumo, nakili: `cp /etc/proxychains4.conf ~/pc.conf`

4. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Shuka hadi mwisho wa faili, sehemu ya ProxyList. Utakuta mstari huu:

`socks4 127.0.0.1 9050`

Hiyo ni poti ya Tor (mtandao wa kuficha utambulisho), mstari umekuja na proxychains. Ufute, kisha andika wako:

`socks5 127.0.0.1 1080`

Watu huongeza wao chini na kuuacha ule wa juu. Faili linakuja na `strict_chain`, yaani kila proksi iliyoorodheshwa lazima ipitiwe, kwa mpangilio uleule. Moja ikifa, safari imeishia hapo. Kama huna Tor, unakwama 9050. Kama Tor ipo ndiyo kichwa kitauma zaidi, kwa sababu proksi ya pili hufikiwa *kupitia* ya kwanza: Tor inaombwa ikupeleke 127.0.0.1, nayo hukataa anwani za ndani. Kuhamia `dynamic_chain` si dawa, kule ni kuruka proksi zilizokufa tu.

Mengine mawili kwenye faili hilohilo. Proksi iandikwe kwa namba za IP, si kwa jina. Na mstari wa `proxy_dns` usiwekewe alama ya reli (`#`, inayouzima mstari) mbele. Ukiuzima, data itapita kwenye proksi lakini majina ya tovuti yataulizwa kwa mtoa huduma wako wa intaneti, na ataona unakwenda wapi. Hakikisha kwa `sudo tcpdump -ni any port 53` kwenye terminali ya pembeni: poti 53 ndiyo ya kuulizia majina (DNS), jina la tovuti yako lisionekane hapo. Programu ikikuonyesha anwani inayoanza na 224 usishtuke, ni ya bandia: proxychains huipa programu wakati jina lenyewe linatafutwa upande wa proksi.

5. Jaribu: `proxychains4 -f ~/pc.conf curl https://ifconfig.me`. Ije IP ya seva, si yako.

---

Swali: Mkuu nimefuata yote haifanyi kazi.

Jibu: "Haifanyi kazi" si ujumbe wa kosa. Weka mistari iliyotoka kwenye skrini na mwisho wa faili lako. Nywila ficha.

Swali: Inaandika 127.0.0.1:9050 halafu timeout.

Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Mbona ping haipiti?

Jibu: Ping ni ICMP. Proxychains inashika TCP peke yake, ambayo ni aina nyingine ya mawasiliano. UDP nayo usiitegemee.

Swali: Naomba kuelewa kitu. curl inatii, lakini kuna programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go inatoka na IP yangu halisi na haitoi kosa lolote. Kwa nini?

Jibu: Umeuliza la maana. Proxychains inatumia LD_PRELOAD: inajipenyeza kabla ya libc (maktaba ambayo programu nyingi huomba kazi za mfumo) na kuidaka `connect()`, ombi la kuunganisha. Programu za Go kwenye Linux haziombi libc kuunganisha, zinaongea na kerneli (kiini cha mfumo) zenyewe, kwa hiyo hakuna cha kudaka. Hatari ni huo ukimya. Programu yoyote iliyounganishwa kwa mtindo wa `static`, yaani imebeba maktaba zake ndani, ina tabia hiyohiyo. Amri ya `ldd` itakuonyesha, ila kwa Go hata ldd ikiorodhesha libc usiiamini. Nyingi za Go husoma vigezo vya mazingira (environment variables), anza na `HTTPS_PROXY=socks5://127.0.0.1:1080`. Ikishindikana, tafuta graftcp: hiyo hutumia ptrace (njia ya kerneli ya kufuatilia programu nyingine), inawakamata kwenye mlango wa kerneli.

Swali: Ndiyo sababu `proxychains4 sudo apt update` nayo inatoka wazi?

Jibu: Jamaa yake. sudo ni setuid, yaani huendeshwa kwa haki za mwenye faili (root), na mfumo hupuuza LD_PRELOAD hapo kwa usalama. Geuza: `sudo proxychains4 -f ~/pc.conf apt update`.

Swali: Kaka nitupie list ya proksi za bure inbox.

Jibu: Hapana. Mwenye proksi anasoma kila kisichofichwa kwa TLS (usimbaji wa https), na humjui.

Mchango: Kwa curl proxychains ya nini? `curl -x socks5h://127.0.0.1:1080` inatosha. Ile *h* ndiyo inayopeleka jina likatafutwe kwenye proksi. Ukiandika socks5 tupu, jina linatafutwa kwako.

Jibu: Kweli kabisa. Git pia: `git config --global http.proxy socks5h://127.0.0.1:1080`, ila haigusi git inayopita ssh.

Swali: Natumia bando la simu. Nikikaa dakika chache bila kufanya kitu, ile ssh ya hatua ya 2 inaganda.

Jibu: Ongeza `-o ServerAliveInterval=30`. Haitazuia mtandao kukatika, lakini ssh itajua imekufa na kufunga badala ya kuganda. Ukitaka ijiwashe yenyewe, sakinisha autossh: `autossh -M 0 -N -D 1080 -o ServerAliveInterval=30 jina@seva`. Tumia ufunguo wa ssh, maana hakutakuwa na mtu wa kuandika nywila.