Somo: Kuanza Kihispania na watoto wa P3 na P4, hatua kwa hatua

Wengi mmekuwa mkiuliza mtu anaanzaje Kihispania na watoto wa praimari hapa Kampala wakati vitabu hakuna na mwalimu ni mmoja, basi leo naandika yote. Kitu kikubwa nataka mkishike mapema ni hiki: piteni njia ya Kiswahili na Luganda, msipite njia ya Kiingereza. Neno come kwa Kihispania ni anakula, linasomwa ko-me vile lilivyoandikwa, lakini mtoto aliyezoea Kiingereza akiliona tu anasema "kam", na uno anasema "yuno". Mwambie asome kama anasoma Kiswahili, hapo hapo anapata, kwa sababu a e i o u za Kihispania ni tano na ni hizi hizi zetu.

Hatua ya 1: sikio na mwili

Wiki za mwanzo madaftari yabaki kwa begi. Ingia darasani na amri tu, sema huku unafanya: levántense wote wanasimama, siéntense wanakaa, escuchen wanasikiliza, halafu toquen la mesa, toquen la puerta, wanakimbilia kugusa meza, kugusa mlango. Usitafsiri, fanya tu, wataelewa. Wakishazoea chezeni Simón dice, yani amri inatiiwa pale tu ukianza na hayo maneno mawili, ukiitaja peke yake atakayetii anatoka. Dakika ishirini zinatosha, afadhali mara tatu kwa wiki kuliko lisaa lizima Ijumaa mchana watoto washachoka.

Hatua ya 2: sauti zinazosumbua

Nyingi ni rahisi. h haisomwi kabisa, hola ni ola. ñ ni ny ya nyanya, ll semeni y, j ni kh ya kheri, v isomeni kama b. Kazi iko kwa l na r na hapa naomba msikimbie. Kwa Luganda r inakuja baada ya e na i, kwingine ni l, angalieni leero, l iko mwanzo, r iko baada ya e. Sasa mtoto anaingia na hiyo sheria kwenye Kihispania, pelo ambayo ni nywele anasema pero ambayo ni lakini, na loro yule kasuku anakuwa lolo. Huo si uvivu, ni lugha ya mama inafanya kazi yake, kwa hiyo usimcheke wala usimkaripie, na watoto wenzake pia wakataze kumcheka. Chora nywele kwa karatasi moja na mbwa kwa ingine, wewe unasema pelo au perro, wao wanaonyesha kidole bila kusema chochote. Sikio likishatofautisha ndo ulimi unafuata, ukilazimisha ulimi kwanza mtahangaika muhula mzima. Ile rr ya perro waambie waige bodaboda inayopanda mlima, rrrrr, darasa litakuwa na kelele lakini iacheni.

Hatua ya 3: el na la

Kihispania kinagawa majina mawili, ya kiume yanatanguliwa na el, ya kike na la. Usifundishe jina peke yake hata siku moja. Sio libro, ni el libro, sio mesa, ni la mesa. Kata manila rangi mbili, majina ya el kwa rangi moja, ya la kwa ingine, bandika ukutani. Walimu wengi wanaogopa hii sehemu bure, jamani watoto wetu wana ngeli! Anayesema kitabu kizuri, vitabu vizuri, au ekitabo ekirungi, ebitabo ebirungi, tayari anajua sifa lazima ifuate jina, kwa hiyo el libro rojo yani kitabu chekundu, los libros rojos, la mesa roja, las mesas rojas hataona ajabu, na sifa inakaa nyuma ya jina kama kwetu tu. Kiingereza hakina hii kitu ndo maana nasema kiwekeni pembeni.

Hatua ya 4: soko

Wakijua uno mpaka diez ruka moja kwa moja kwenye mil, maana hapa hakuna kitu cha shilingi tatu. Dos mil ni elfu mbili, cinco mil elfu tano, diez mil elfu kumi. Panga nyanya na maembe juu ya dawati, vifuniko vya soda viwe pesa, mmoja anauliza ¿cuánto cuesta? mwingine anajibu dos mil chelines. Matoke acheni iitwe matoke. Kuandika kunaanzia hapa, wakiwa tayari wanayajua maneno kwa mdomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Arua: Madamu asante sana, mimi nina watoto 90, hiyo michezo itawezekana kweli?

Jibu: Itawezekana, gawa darasa kwa mistari, mstari mmoja unatii amri mingine inaangalia kama umekosea. Soko fanyeni nje chini ya mti, wauzaji kumi, wengine wote wanunuzi.

Mzazi, Ntinda: Kihispania hakiko kwa PLE, ule mtihani wa kumaliza praimari, si tunawapotezea muda?

Jibu: Kweli mzazi, PLE ni Kiingereza, hesabu, sayansi na SST yani maarifa ya jamii, na mimi simwambii mtu aguse muda wa hayo. Ila cheti kipo, DELE ya wanafunzi wa miaka 11 mpaka 17 inayotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Spain ya lugha ya Kihispania. Na msidhani ni lugha ya mbali, Guinea ya Ikweta ni Afrika hii hii na Kihispania ni lugha rasmi huko.

Mwalimu, Kasese: Gracias nifundishe grasias au grathias? Vijana wa La Liga wananisahihisha.

Jibu: Zote sahihi. Sehemu kubwa ya Spain wanasema th, Amerika ya Kilatini ni s na hao ndo wengi zaidi. Chagua moja usiichanganye, mimi natumia s. Anayesema th usimkatalie.

Mwalimu, Jinja: Mbona nimeona el agua fría? Si ingekuwa frío?

Jibu: Umeona vizuri. Agua, yani maji, ni ya kike, ila a yake ya kwanza ina mkazo ndo maana wanaweka el mbele, kwa wingi inarudi las aguas. P3 wape el agua basi, bandika kwa rangi ya la, sababu waeleze wakifika P6.