Tundu la Chini ya Klachi Msilizibe

Naandika haya kwa sababu ya vijiti. Kila ninapoinama chini ya trekta la zamani huku Magarini, pwani ya Kenya, kuanzia Gongoni hadi Marafa, nakuta tundu la chini ya klachi limezibwa. Moja lilizibwa kwa kijiti kilichovikwa mpira wa tyubu, jingine kwa boliti, jingine kwa kitambaa kilichopakwa gundi ya gasketi. Na wenye matrekta hunipa jibu moja: "Lilikuwa linavuja oili ya haidroliki, sasa limeacha."

Halijaacha. Oili inavuja vilevile, ila sasa inavujia juu ya klachi.

Nazungumzia hasa Massey Ferguson 135, lile lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, pamoja na ndugu zake 35 na 165. Matrekta haya hayana tangi la peke yake la haidroliki. Oili ileile inayolainisha giriboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma), takriban lita 30 kwa 135, ndiyo inayoinua mikono ya plau. Pampu yenyewe imezama humo ndani. Kwa hiyo sili ya mbele ya giriboksi, yaani mpira wa kuzuia oili isitoke, ikichoka, oili inayotoka pale ni ya haidroliki, hata kama mikono ya kuinulia iko mbali kule nyuma.

Baina ya injini na giriboksi kuna chumba cha klachi, na chumba hicho hutakiwa kuwa kikavu. Upande mmoja sili ya krankshafti, shafti kuu ya injini, inazuia oili ya injini. Upande wa pili sili ya shafti ya kuingilia giriboksi inazuia oili ya haidroliki. Waliolitengeneza walijua sili huchoka, wakaacha tundu chini kabisa ili oili ishuke ardhini nawe uione. Ile pini inayoning'inia tunduni si kitu kilichosahauliwa na fundi. Imelegezwa makusudi, itikisike trekta linapokwenda na kuzuia matope yasizibe. Huku kwetu upepo wa chumvi huila kutu ikagandamana. Itikiseni kwa kidole kila mwezi, na ikiwa haichezi, ibadilisheni.

Tumezoea kuambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ni kinyume: ukiziba, ndipo utaujenga. Oili hujaa polepole, pleti za klachi huilamba, na siku unapoingia kwenye udongo mzito na plau ya diski tatu, injini inanguruma na trekta haliendi. Masika iliyopita nilimwona mkulima mmoja amekwama hivyo wiki mbili nzima, mvua imeshanyesha, majirani wake wanapanda mahindi. Kilichochoka ni sili moja ya mpira. Alichokuja kulipia ni sili, pleti zote mbili za klachi, na kazi ya kulitenganisha trekta katikati. Na tafadhali, acheni kumwaga petroli tunduni eti mnaosha klachi. Pleti iliyokunywa oili haisafiki kwa petroli, na chumba kilichojaa mvuke wa petroli chini ya injini ya moto ni hatari kwa roho ya mtu.

Sasa, kama umeziba, leo jioni toa kizibo. Usikitoe hivihivi oili ikamwagika mchangani. Weka chombo safi chini, kisha uipime kwa chupa iliyoandikwa mililita. Kikitoka kikombe kizima, yaani mililita 250 au zaidi, hesabu kwamba klachi imeshaloa, umweleze fundi mapema.

Halafu osha tumbo lote la trekta kwa brashi na dizeli, kisha kwa maji ya sabuni, uliache likauke kabisa. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowapoteza. Oili hufuata chuma. Inaweza kuanzia kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha haidroliki, ikateremka ubavuni, ikasafiri hadi sehemu iliyo chini kuliko zote, na sehemu hiyo ni karibu na tundu letu. Bila kuosha, utalisingizia tundu kosa la mwingine. Likishakauka, paka poda ya mtoto nyembamba kwenye viungo vya giriboksi. Oili itakapopita itaacha mstari mweusi, nawe uufuate kwenda juu mpaka unapoanzia.

Usiku wa kwanza, egesha trekta mahali tambarare, mikono imeshushwa, kipande cha katoni jeupe chini ya tundu, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Usiku wa pili liweke magurudumu ya mbele yakiwa chini kuliko ya nyuma kwa sentimita 30 hivi, na magurudumu yakingwe kwa magogo makubwa, si kwa vijiwe. Oili ya giriboksi sasa inaegemea mbele. Matone yakiongezeka kuliko usiku wa kwanza, shaka inahamia kwenye sili ya giriboksi.

Angalia rangi asubuhi, si usiku kwa tochi ya simu. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi kwa masizi na hunuka moshi. Oili ya haidroliki huwa ya kahawia au ya dhahabu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji, na trekta lililolala nje mvua nzima huyapata hasa kupitia mpira wa mkono wa gia uliopasuka.

Usitegemee rangi pekee. Pima oili kwa vijiti vyote viwili vya kupimia, cha injini na cha haidroliki, siku tatu mfululizo, uandike kwenye daftari ni kipi kinachoshuka. Na hapa nawagombeza kweli: haidroliki hupimwa plau ikiwa chini, bodi ya tela imeshushwa, injini imezimwa kwa dakika 15. Ukipima plau inaning'inia, sehemu ya oili iko juu kwenye silinda, kijiti kinasoma pungufu, unaongeza lita ambazo hazikuhitajika. Ukishusha plau, oili inazidi na kutafuta njia kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Nimeona uvujaji ulioletwa na dumu la mwenye trekta mwenyewe.

Hesabu na matone. Tone moja kwa sekunde ni matone 28,800 kwa kazi ya saa 8. Tukikadiria matone 20 kwa mililita, hiyo ni karibu lita moja na nusu kwa siku. Hilo halingoji. Lakini matone machache usiku, klachi ikiwa bado inashika, maliza msimu tundu likiwa wazi na uongeze oili inavyopungua. Baadhi ya injini za Perkins zilizomo humu zina sili ya kamba upande wa krankshafti, na sili hiyo hutoa jasho kidogo kwa desturi yake.

Plau ikishuka yenyewe baada ya kuzima injini, na chini hakuna tone, uvujaji uko ndani ya haidroliki. Kijiti hakitashuka, na tundu halihusiki. Usiingie chini ya plau hiyo. Mabomba ya kwenda kwenye tela nayo msiyapapase kwa kidole kutafuta tundu: mna msukumo wa zaidi ya psi 2,000, na oili hupenya ngozi kama sindano. Tumieni kipande cha katoni. Aliyechomwa aende hospitali saa ileile, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba.

Ikithibitika ni sili, mpelekeeni fundi Januari au Februari, kwani Machi kila mtu yuko foleni. Trekta likishatenganishwa, badilisheni sili za pande zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, kwa kuwa kazi ya kulifungua ni ileile. Likishaunganishwa tena, katoni ikibaki kavu usiku mmoja na klachi ikishika, mambo ni sawa. Ila kabla hujamlipa fundi, lala chini uhakikishe pini imerudi tunduni na inacheza.